Vigurudumu vya pembeni au kung'oa pedali? Njia za kumfundisha mtoto baiskeli

Ukienda kumnunulia mtoto baiskeli yake ya kwanza, muuzaji hakuulizi kama unataka vigurudumu vya pembeni. Anakukabidhi vikiwa vimeshafungwa, au vimo ndani ya boksi pamoja na spana yake, na wewe unaviona ni sehemu ya baiskeli kama kengele na kikapu. Ndivyo ilivyokuwa kwangu nilipomnunulia mwanangu wa kwanza. Alikuwa na miaka 4. Alipanda siku hiyo hiyo, akazunguka uani hadi magharibi, nami nikaona kazi imekwisha.

Kazi ilikuwa haijaanza. Mwaka na miezi baadaye, nilipovifungua vile vigurudumu, mtoto alikuwa hajui baiskeli vilevile kama siku ya kwanza, na juu ya hapo alikuwa ameshika mazoea ambayo ilibidi ayaache kwanza ndipo ajifunze. Mdogo wake nilimfundisha kwa njia nyingine, akaweza ndani ya wiki chache. Mtoto wa dada yangu alikuja kwetu likizo akiwa na miaka 7, naye nikamfundisha kwa njia ya tatu. Watoto watatu, njia tatu, uwanja mmoja.

Tunaishi Tanga, Ngamiani, kwenye zile barabara za namba. Hapa kwetu baiskeli ni chombo cha kila mtu: mama anaipanda kwenda sokoni, mzee anaiegemeza ukutani mwa msikiti, mwanafunzi anampakia mwenzake kwenye karia. Mtoto atajifunza tu, utake usitake. Usipomfundisha wewe, watamfundisha wenzake kwenye kona ya mtaa, katikati ya bodaboda na bajaji. Ndiyo maana nasema tuchague njia mapema, na tuchague vizuri.

Kigumu ni kipi?

Kuendesha baiskeli ni mambo matatu: kushika balansi, kukanyaga pedali na kufunga breki. Sisi wazazi hudhani kukanyaga ndiko kugumu kwa sababu ndiko kunakoonekana. Kumbe mtoto yeyote aliyechezea baiskeli ya magurudumu matatu tayari anajua kukanyaga. Kinachomwangusha ni balansi.

Na balansi ya baiskeli haitokani na kukaa wima kama nguzo. Baiskeli inapoanza kulalia kushoto, mwendeshaji anageuza usukani kidogo kushoto, magurudumu yanarudi chini ya mwili wake, anasimama tena. Ikilalia kulia, hivyo hivyo kulia. Sisi wakubwa tunafanya hivyo kila sekunde bila kujua. Mtoto anapaswa kukifundisha kiwiliwili chake jambo linaloenda kinyume na silka, kwa maana anapohisi anaangukia kushoto, anachotaka ni kujivuta kulia. Hilo halielezeki kwa maneno. Linapatikana kwa kulalia kidogo, kurekebisha, kulalia tena, mara mia kadhaa, mahali ambapo kukosea hakuumizi.

Historia yenyewe ilipita njia hiyo. Chombo cha magurudumu mawili alichokipanda Mjerumani Karl Drais huko Mannheim mwaka 1817 hakikuwa na pedali. Mpandaji alikaa juu ya mbao na kujisukuma kwa miguu, kisha akaiinua na kuserereka. Pedali zilikuja kuwa jambo la kawaida miaka ya 1860 huko Ufaransa. Watu wazima walitangulia kushika balansi kwa miaka mingi kabla ya kukanyaga, na mtoto wa miaka 3 hana sababu ya kuanzia upande wa pili.

Kwa hiyo kila njia naipima kwa swali moja: je, inamfundisha mtoto balansi, au inamwondolea?

Vigurudumu vya pembeni

Nianze na haki yake. Vinampa mtoto furaha siku ya kwanza. Vinampa mzazi nafasi ya kukaa kibarazani akimwangalia tu. Kwenye sakafu ya saruji iliyonyooka, mtoto anazunguka, anazoea siti, anazoea usukani. Na kwa mtoto mwenye udhaifu wa misuli, au mwenye ulemavu unaomzuia kushika balansi, vigurudumu imara vya pembeni vinaweza kuwa ndiyo njia yake ya kudumu ya kufurahia baiskeli, wala asitokee mtu wa kumharakisha avivue.

Lakini kwa mtoto wa kawaida, angalia kinachotokea kwenye kona. Baiskeli ya magurudumu mawili inapokata kulia hulalia kulia. Yenye vigurudumu haiwezi kulala, inakata kona ikiwa wima kama mkokoteni, na mwili wa mtoto unasukumwa nje, kushoto. Akiwa na mwendo, uzito wote unaangukia kile kigurudumu cha nje, chuma chake kinapinda, na akizidisha anapinduka. Mwanangu alizoea kuegemea upande wa nje wa kona, akitegemea kile kigurudumu kimshikilie. Mwaka mzima alifanya mazoezi ya kuegemea upande usiofaa. Siku nilipovifungua, kona ya kwanza tu aliegemea vilevile, akaanguka kwa kiwiko.

Halafu kuna jambo la ardhi yetu. Uani kwetu kuna mteremko mfupi wa saruji unaoshukia kwenye mfereji wa maji ya mvua. Siku moja alishuka pale, vigurudumu viwili vya pembeni vikakaa juu ya kingo mbili za saruji iliyobonyea katikati, na gurudumu la nyuma likaning'inia. Nilikuwa hatua chache nyuma yake, nikaona kwa macho yangu: anakanyaga kurudi nyuma ili afunge breki, gurudumu limesimama kabisa, na baiskeli inaendelea kuteremka. Breki ile ilikuwa inashika gurudumu ambalo halikugusa ardhi. Nilimdaka kwa ukosi wa shati. Tangu siku ile sijawahi kumwambia mzazi mwenzangu kwamba vigurudumu vya pembeni ni njia salama kuliko nyingine. Ni salama kwenye sakafu bapa. Kwenye mashimo, kingo na miteremko ni hatari, kwa sababu vinaweza kuliinua gurudumu lenye breki.

Kama umeshavinunua na mtoto ameshavipenda, angalau vipandishe. Visiguse chini vyote viwili kwa pamoja: kila kimoja kiachwe juu kama nusu sentimita hadi sentimita moja, ili baiskeli iweze kulala kidogo huku na kule. Kisha vipandishe tena baada ya wiki kadhaa.

Baiskeli iliyotengenezwa bila pedali

Hii ni ile ndogo, nyepesi, ya mtoto kukaa na kujisukuma kwa miguu kama chombo cha Drais. Nyingi zina kilo 3 au 4 tu, siti yake inashuka chini sana, na mtoto wa miaka 2 anaweza kuianza. Kwanza anatembea nayo huku siti ikiwa katikati ya miguu tu. Kisha anakaa na kutembea. Kisha anakimbia. Halafu siku moja, bila kuambiwa, anainua miguu yote miwili na kuserereka. Hapo balansi imeshaingia.

Kuna utafiti wa Ureno uliochapishwa mwaka 2022 uliowauliza watu wazima kuhusu wao wenyewe, na wazazi kuhusu watoto wao, walijifunza baiskeli wakiwa na umri gani. Walioanza na baiskeli isiyo na pedali waliweza kuendesha ya kawaida wakiwa na wastani wa miaka 4 na kidogo. Walioanza na vigurudumu vya pembeni, karibu miaka 6. Tofauti ni kubwa, ingawa mimi siisomi yote kama kazi ya baiskeli pekee. Baiskeli hizi zinamfaa mtoto wa miaka 2, kwa hiyo wengi wao walianza mapema. Hata hivyo inalingana na nilichokiona uwanjani.

Kasoro zake ni mbili, nazo kwetu ni nzito. Ya kwanza ni bei na muda: nilipoulizia, nzuri ilikuwa ghali kuliko baiskeli ya kawaida ya inchi 12, na mtoto anaipita akifika miaka 4 au 5, kisha unanunua nyingine yenye pedali. Ya pili, nyingi hazina breki. Mtoto anasimama kwa nyayo. Kwenye uwanja bapa si tatizo, kwenye mteremko ni tatizo kubwa, tena viatu vinakwisha. Zipo pia zenye matairi magumu ya sponji yasiyojazwa upepo. Hayatoboki, ila kwenye vigae na saruji laini yanateleza. Ukiwa na watoto watatu wanaofuatana, au ndugu yuko tayari kuazima, inunue. Ukiwa na mmoja, soma inayofuata.

Baiskeli ya kawaida iliyong'olewa pedali

Hii ndiyo niliyomfundishia mwanangu wa pili, na ndiyo ninayoipendekeza kwa wengi. Unachukua baiskeli ya kawaida ya mtoto, unafungua vigurudumu vya pembeni, unang'oa pedali zote mbili, unashusha siti mpaka chini. Baada ya wiki kadhaa unarudisha pedali. Hununui kitu cha ziada, na mtoto anahitimu kwenye baiskeli ile ile aliyoizoea.

Nilipoipeleka kwa fundi wa mtaani, alinitazama kwa muda.

"Mama, nikizitoa hizi mtoto atakanyaga nini?"

"Atakanyaga chini, fundi. Za kukanyaga nitakuletea uzirudishe."

Ukitaka kuzifungua mwenyewe, baiskeli nyingi zinatumia spana namba 15. Kinachowasumbua watu ni kwamba pedali ya kushoto ina nyuzi za kinyume. Usikariri saa wala kinyume cha saa. Weka spana ikiwa imesimama juu ya pedali, kisha ivutie upande wa gurudumu la nyuma. Pande zote mbili zinafunguka hivyo. Wakati wa kurudisha, unaisukumia mbele. Kabla hujaziweka kabatini ziandike K na S, kulia na kushoto, maana ukiilazimisha ya kushoto iingie kulia utakwangua nyuzi, na mkono mzima wa pedali utakuwa wa kutupa.

Ile mikono ya pedali inayobaki huwa inagonga mashavu ya miguu ya mtoto kwa nyuma, hasa akianza kukimbia. Mwanangu alipata alama mbili za bluu wiki ya kwanza. Fundi anaweza kuitoa yote, lakini kama breki ya baiskeli hiyo ni ile ya kukanyaga kurudi nyuma, ukishang'oa pedali huna breki tena. Kwa hiyo kwa njia hii baiskeli lazima iwe na breki ya mkono inayofanya kazi. Hilo si la kuahirisha.

Tatizo jingine ni uzito na kimo. Baiskeli za chuma za watoto ni nzito. Yetu ya inchi 16 niliipima kwenye mizani ya duka la nafaka ikafika kilo 10, na mwenyewe mtoto alikuwa na kilo 16. Siti nayo haishuki chini kama ile ya baiskeli iliyotengenezwa bila pedali. Ndiyo maana njia hii inaanza vizuri kuanzia miaka 3 na nusu au 4. Chini ya hapo mtoto hafiki ardhini vizuri na baiskeli inamshinda kuinua.

Kimo usikikisie. Msimamishe mtoto ukutani akiwa na viatu, mpe daftari gumu alibane katikati ya miguu likigusa ukuta, kisha pima kutoka juu ya daftari hadi sakafuni. Siti iwe chini ya kipimo hicho kwa sentimita 2 au 3. Akikaa, nyayo zote mbili ziwe chini kabisa na magoti yakunjike kidogo. Kama siti ya baiskeli dukani haishuki hapo, hiyo si yake, hata kama boksi limeandikwa umri wake. Na tafadhali usinunue kubwa "ili aikulie". Sare ya shule inaweza kukuliwa. Baiskeli inayomzidi mtoto inamwangusha leo.

Mazoezi yenyewe yalikuwa dakika 20 hadi 30, baada ya alasiri jua likipoa. Siku tatu za kwanza alitembea tu. Nilijizuia nisimwambie kitu. Siku ya nne au ya tano alianza kurusha miguu, nikaanza kuhesabu kwa sauti akiwa ameinua: moja, mbili, basi. Ukawa mchezo wetu. Alipofika tano bila kugusa chini, na akaweza kukata kona pana huku miguu iko juu, niliipeleka baiskeli kwa fundi. Hiyo ndiyo alama ninayoiamini kuliko umri: hesabu ya tano, na kona.

Siku ya kurudisha pedali, acha siti chini vilevile. Msimamishe, pedali moja iwe mbele na juu kidogo, aweke mguu pale, mwingine uwe chini. Akanyage ile ya juu kwa nguvu, na mguu wa pili utaitafuta pedali yake wenyewe. Mwambie atazame mbali, kwenye mti au goli la mpira, asitazame miguu. Mtoto huenda pale anapotazama. Akitazama ukuta ataufuata. Wiki moja au mbili baadaye ndipo upandishe siti, ncha za nyayo ziguse chini.

Kushikilia na kukimbia nyuma

Hii ndiyo njia tuliyofundishiwa wengi wetu: baba anashika siti, anakimbia, anaachia bila kusema. Kwa mtoto mkubwa kidogo, wa miaka 6 au 7 na kuendelea, bado inafaa. Ana miguu mirefu, ana nguvu, anaelewa maelekezo, na kumwambia asukume chini kama mdogo wake kunamvunjia heshima mbele ya wenzake. Mtoto wa dada yangu alikataa katakata kung'olewa pedali. Nikaheshimu.

Ila pa kushika pana maana yake. Ukishika usukani unamwibia kila alichokuja kujifunza, maana usukani ndio unaoshika balansi. Ukishika siti kwa nguvu, unambebea ulalo wa baiskeli, na ukiachia ghafla unamwachia mzigo ambao hajawahi kuubeba. Nilichofanya ni kupitisha khanga mbele ya kifua chake, chini ya makwapa, nikashika ncha zote mbili nyuma yake. Sikufunga fundo, nilishika tu kwa mkono ili niweze kuiachia mara moja, na nilizikunja ncha zisifikie gurudumu wala spoku. Baiskeli ilikuwa inalala na kusimama kwa kazi yake mwenyewe. Mimi nilimshika yeye tu pale alipokuwa anaenda chini. Jioni ya tatu khanga ilikuwa imelegea muda wote.

Wala usimdanganye kwamba umemshika wakati umeachia. Baadhi ya wazazi huona ni ujanja mzuri. Mtoto akigeuka na kukuona uko mbali, anashtuka, anaanguka, na kesho yake hakuamini tena. Mwambie: "Mwanangu, nikisema 'yako', nimeachia." Akisikia neno hilo anajiandaa.

Iliyobaki ni ile ya watoto kujifundisha wenyewe kwenye baiskeli kubwa ya baba, mguu ukipenyezwa katikati ya fremu chini ya bomba la juu kwa sababu siti haifikiki. Vizazi vingi vimejifunza hivyo, nami ninawaheshimu waliofanya hivyo kwa kukosa nyingine. Lakini mwili umepinda upande mmoja, breki hazifikiki vidoleni, na cheni iko karibu na mguu. Ukiwa na uwezo wa kupata ndogo ya mtumba, usiichague hii.

Kabla hajaipanda, kwa njia yoyote utakayochagua

Baiskeli nyingi ndogo zinazouzwa kwetu kwa bei nafuu ni mtumba. Geuza baiskeli kichwa chini kabla ya kulipa. Zungusha magurudumu uone kama yanayumba. Vuta breki ya mkono kwa vidole viwili tu, maana mtoto hana nguvu ya kiganja chako. Kama wewe unahitaji vidole vinne, yeye hataweza kabisa. Waya wa breki ni kitu cha bei ndogo kubadilisha. Angalia pia breki ipi iko mkono upi. Zinazotoka Japani au Uingereza, breki ya mbele kwa kawaida iko kulia. Za Marekani na za nchi nyingi za bara la Ulaya iko kushoto. Mtoto azoee kutanguliza ya nyuma, kwani akiibana ya mbele peke yake kwa nguvu anaweza kurushwa juu ya usukani. Mimi nilifunga uzi mwekundu kwenye breki ya nyuma.

Breki ya mkono na breki ya kukanyaga nyuma, ipi bora? Kwa mtoto mdogo sana mwenye vidole dhaifu, ya kukanyaga inamjia kirahisi. Lakini cheni ikichomoka, breki imeondoka nayo, na kwenye baiskeli za mtumba cheni zinachomoka. Yenye breki zote mbili ndiyo ya kuchukua.

Tazama ncha za usukani. Raba ikiwa imetoboka na bomba la chuma liko wazi, nunua raba mpya kabla ya kitu kingine chochote. Mtoto akianguka, ncha ile inaweza kumchoma tumboni na kuumiza ini au bandama bila jeraha kubwa kuonekana nje. Akiangukia usukani kwa tumbo kisha akapauka, akatapika au akalalamika maumivu yasiyopoa, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Nguo. Hapa kwetu watoto wanatoka chuoni, yaani madrasa, na kanzu au baibui na moja kwa moja wanarukia baiskeli. Nimewahi kukaa chini nikikata kwa mkasi pindo la kanzu lililomezwa na cheni, mtoto akiwa amesimama kwa mguu mmoja analia, si kwa maumivu ila kwa kuogopa mwalimu. Kanzu ipandishwe na kufungwa kiunoni au ivuliwe, mtandio uchomekwe ndani, na baiskeli iwe na kava ya cheni. Viatu viwe vya kufunika vidole. Ndala huchomoka mguuni wakati ule ule anapohitaji kusimamia mguu.

Na helmeti. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 1999 na Cochrane, taasisi ya kimataifa inayokusanya na kupima tafiti za afya, yalionyesha kuwa helmeti hupunguza hatari ya kuumia kichwa na ubongo kwa mwendesha baiskeli kwa asilimia 63 hadi 88. Ikae bapa, upana wa vidole viwili juu ya nyusi, mikanda ikutane chini ya sikio, na kidole kimoja au viwili tu vipite chini ya kidevu. Mtoto wa kike aliyesukwa mabutu, msuke upya nywele zilale, vinginevyo helmeti inakaa juu kama kikapu. Usimvalishe helmeti ya pikipiki, inamlemea shingo na kumziba masikio. Iliyokwisha kupokea pigo kubwa au yenye ufa, itupe. Na akishuka kwenda kupanda mti au bembea, aivue, kwani mkanda unaweza kunasa na kumkaba.

Wapi, na mpaka wapi

Mchanga mtupu unaua mserereko. Mtoto anasukuma, baiskeli inasimama, anakata tamaa akidhani kosa ni lake. Majani marefu vilevile. Kinachofaa ni udongo mgumu au saruji bapa, na bora zaidi kiwe na mteremko mdogo sana unaoishia kwenye majani. Uwanja wa shule siku ya Jumamosi unatosha, baada ya kumwomba mlinzi. Tulizunguka kwanza kwa miguu tukaokota chupa na misumari.

Barabara ni suala jingine, na hapa njia zote nilizozitaja ziko sawa: hakuna hata moja inayomwandaa mtoto kwa barabara. Anayejua baiskeli akiwa na miaka 5 bado hawezi kukadiria bodaboda inayokuja ina mwendo gani, wala haikumbuki akiona rafiki yake ng'ambo. Ujerumani, nchi yenye njia nyingi za baiskeli, sheria inamtaka mtoto aliye chini ya miaka 8 apite njia ya waenda kwa miguu au njia ya baiskeli iliyotenganishwa na barabara, na inamruhusu aendelee kutumia ile ya waenda kwa miguu mpaka afikishe 10. Sisi hatuna njia hizo mitaani. Kwa hiyo kwangu mpaka ni geti, uwanja, na uchochoro wa nyuma usiopita magari.

Mkubwa sasa ana miaka 11, naye anakwenda chuoni kwa baiskeli. Kila siku anavuka barabara moja. Tulikubaliana tangu mwanzo: akifika pale anashuka, anasimama upande wa kushoto wa baiskeli yake, anaangalia kulia, kushoto, kulia tena, kisha anaikokota mpaka ng'ambo ndipo apande. Wenzake wanapita wakimpigia kelele apande tu. Juzi nilimfuata nyuma bila yeye kujua, nikamwona ameshuka.